Manahodha Wawili Katika Chombo Kimoja

Nilikuwa Kilifi kwa shughuli ya arusi, na alasiri ya pili tukakaa barazani kwa mwenyeji wetu, mahali ambapo hori yote huonekana mpaka darajani. Majini ilikuwa imetia nanga mashua ndogo ya tanga, nyeupe, ya Wazungu wawili, mtu na mkewe. Mke alikuwa amepanda juu ya mlingoti akitengeneza kamba, na mume yuko chini amemshikia. Mzee mmoja, ambaye ujana wake wote aliumalizia katika majahazi, akatema tambuu yake kando akasema, "Manahodha wawili, chombo huenda mrama." Baraza zima likacheka, nami nikacheka pamoja nao. Lakini usiku kile kicheko hakikunilalia vizuri tumboni.

Methali hii tumeizoea wapi? Si baharini, maana wengi wetu siku hizi hata kubisha upepo wa joshi hatukujui. Tumeizoea majumbani. Mke akiuliza pesa za minazi zimekwenda wapi, huambiwa manahodha wawili chombo huenda mrama. Akisema mtoto asitolewe shule, huambiwa vivyo hivyo. Methali ya mabaharia imegeuzwa kuwa kofuli la mdomo wa mwanamke, na naona mabaharia wenyewe wamesingiziwa.

Nitawapa mfano wa watu walioishi jambo hili, ingawa si wa pwani yetu. Mwaka 1965, huko California, kijana mmoja wa Kanada aitwaye Larry Pardey alikutana na msichana wa Kimarekani aitwaye Lin. Larry alikuwa fundi wa vyombo. Wakajenga kwa mikono yao mashua ya mbao ya futi 24 wakaiita Seraffyn, wakaishusha majini mwaka 1968. Mwaka uliofuata waling'oa nanga wakashuka taratibu na pwani ya Mexico, bandari kwa bandari, hori kwa hori, wakikaa walipopendezwa na kuondoka walipochoka. Safari hiyo ilichukua miaka 11. Walivuka bahari ya Atlantiki, wakafika Uingereza na bahari ya Baltiki, wakapita Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi, hata Japani, na mwisho wakarudi Kanada. Walipopungukiwa na fedha walitia nanga wakafanya kazi. Huyu akitengeneza vyombo vya watu, na wote wawili wakiandika.

Chombo chao hakikuwa na mashine hata kidogo. Taa zao zilikuwa za mafuta ya taa, na upepo ukifa kabisa waliupiga maji kasia moja refu la nyuma. Msomaji aliyekulia Lamu, Vanga au Faza hahitaji kuelezwa maana yake. Ni kujua maji yanajaa saa ngapi na kupwa saa ngapi, ni kungoja umande wa alfajiri ukutoe nje ya mlango wa bandari, ni kuogopa mwamba ulio upande wa demani. Elimu ile ile ya babu zetu, isipokuwa wao walikuwa wawili tu mahali ambapo jahazi huwa na mabaharia kumi au zaidi.

Basi watu wawili wakiwa katikati ya bahari, siku ishirini bila kuona nchi, nani analala na nani anakesha? Hapo ndipo fumbo la methali linapofunguka. Lin na Larry walishika zamu za saa tatu tatu usiku kucha. Walikuwa na chombo cha kuongoza usukani kwa nguvu ya upepo, lakini hicho hakina macho. Hakioni meli kubwa inayokuja, wala hakijui wingu gani limebeba tufani. Larry akilala chini, Lin ndiye nahodha. Uhai wa mumewe uko mikononi mwake, na akiona inafaa tanga lipunguzwe, hulipunguza. Akiamka Larry, anaambiwa upepo umegeuka wapi na taa zilizoonekana ni za nini, kisha anashika yeye na mke analala. Manahodha ni wawili, na chombo hakikwenda mrama, kwa sababu saa moja haina manahodha wawili. Methali inakataza wawili kuvutana usukani ule ule kwa wakati ule ule. Haikusema kwamba mmoja asifundishwe kuushika.

Sasa turudi kwetu, maana najua mtu atasema hayo ni ya Wazungu. Baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa baharia wa jahazi za boriti. Alikuwa akishuka na kaskazi kutoka Lamu na kurejea na kusi, na baina ya hapo ni miezi. Mama hakupata kukanyaga jahazi lile, lakini alikuwa akihesabu miongo tangu Nairuzi, na akijua upepo wa mumewe umefika wapi kuliko sisi watoto tulivyojua siku za juma. Yeye ndiye aliyeezeka nyumba makuti mapya, akawakabili wadai, akamwoza dada yangu mkubwa kwa wakili, baba yuko Unguja. Baba akirejea, baada ya kusalimiana na kufungua halua, huketi ukumbini akauliza, "Haya Mama Fatuma, upepo wa humu ndani unavumaje?" Mama humpa habari zote tangu omo hadi tezi, nani anadaiwa na nani kakosa. Mimi nilidhani ni mazungumzo tu. Kumbe walikuwa wakipokezana zamu.

Tulichokipoteza ni hicho. Mume wa leo hasafiri na kaskazi. Yuko ofisini au dukani, na jioni yumo nyumbani, basi hudhani zamu yake haina mwisho. Mtaani kwetu alifariki jirani, mtu mwema na mcha Mungu, ambaye hakupata kumwambia mkewe hati ya shamba imewekwa wapi wala nani ana deni lake. Eda haijesha, na tayari wamekwisha kuja watu watatu kudai ardhi, kila mmoja na karatasi yake. Mama wa watu hakujua ipi ya kweli. Nahodha alilala usingizi wa milele na hakumwonyesha mwenziwe hata dira iko wapi.

Huyo Larry naye aliugua miaka yake ya mwisho, akafariki mwaka 2020. Lin alikuwa keshajua kushika chombo kwa zaidi ya miaka hamsini.

Sisemi tuwaige kwa kila kitu. Mavazi ya wale wa Kilifi sikuja kuyatetea, na Lin na Larry hawakuzaa, wala hawakuwa na mawifi wa kuwapitia jioni. Kuishi wawili katika futi 24 ni kwepesi kwa upande mmoja: hakuna mtu wa tatu wa kutia fitina. Nyumba zetu zina abiria wengi. Lakini nyumba yenye abiria wengi ndiyo inayohitaji zaidi watu wawili wanaojua usukani.

Asubuhi kabla ya kuondoka nilipita barazani kumuaga yule mzee. "Shikamoo, mzee wangu." "Marahaba, mwanangu." Nikamuuliza, alipokuwa safarini miezi ile, nani alikuwa nahodha nyumbani kwake? Akanitazama kitambo, akacheka bila sauti.

"Mamake Hamisi," akasema. "Na nikirejea, siku tatu za mwanzo mimi nilikuwa abiria. Nalipia kwa halua."

Kisha akageuka kutazama hori. Ile mashua nyeupe ilikuwa inatweka tanga. Safari hii mume ndiye aliyekuwa omo aking'oa nanga, na mke ameshika usukani. Mzee akaniuliza kama najua wanaelekea wapi, maana kaskazi ilikuwa inakaribia kufa.