SANAA YETU: Kujaribu si Kuharibu

Mwezi huu tuzungumze juu ya jambo linaloleta ugomvi katika vijiji vingi, hata hapa kwetu Kibaha na Kisarawe.

Kijana anachukua wimbo wa ngoma ya wazee. Anaubadilisha mwendo. Anaongeza kinanda. Wazee wanasema, "Huyu anaharibu mila." Kijana naye anasema, "Wazee hawataki maendeleo." Mwisho wake kijana anaiacha ngoma. Wazee nao wanakufa na nyimbo zao vifuani. Hapo wote wamepata hasara.

Je, kujaribu jambo jipya katika sanaa ni kuharibu? Tusijibu haraka. Tutazame kwanza mifano. Yote ni ya nchini kwetu, na mingine ni ya hapa hapa mkoani Pwani.

WACHONGAJI WA UZARAMO

Tuanze nyumbani. Wachongaji wa Kizaramo wanajulikana duniani kwa sanamu ndogo ya mti iitwayo mwana hiti. Nywele za sanamu hiyo zimegawanyika pande mbili. Haina mikono wala miguu. Zamani mwali aliyewekwa ndani alipewa sanamu hiyo aitunze kama mtoto.

Lakini wachongaji hawakuishia hapo. Umbo lile lile walilichonga juu ya fimbo za wakubwa. Walilichonga kwenye nguzo za makaburi. Walilichonga kwenye viti vya heshima na kwenye ala za muziki. Umbo ni moja, kazi ni nyingi. Huko ndiko kujaribu. Basi mila tunayoilinda leo, nayo ilijengwa na watu waliojaribu.

Leo sanamu hizo zimo katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Mara nyingi karatasi ya maelezo huandikwa "Wazaramo" tu. Jina la mchongaji halipo. Alikuwa na jina, lakini hakuna aliyeliandika. Ndugu msomaji, likumbuke jambo hili. Tutalirudia.

ILIMBA NA ZEZE BAGAMOYO

Sasa twende kwa jirani zetu wa Bagamoyo. Huko aliishi Mzee Hukwe Zawose. Alikuwa Mgogo wa Dodoma. Katika miaka ya 1960 Mwalimu Nyerere alipendezwa na muziki wake, naye akaja Dar es Salaam. Baadaye alihamia Bagamoyo. Chuo cha Sanaa kilianzishwa huko mwaka 1981, na Mzee Zawose alifundisha hapo. Tangu mwaka 2007 chuo hicho kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, kwa kifupi TaSUBa.

Mzee Zawose alijifunza zeze na ilimba kwa wazee wake. Ilimba ni sanduku la mti lenye vijiti vya chuma. Mpigaji huvibonyeza kwa vidole gumba. Alipokwisha kuzijua ala hizo vizuri, alianza kuzibadilisha. Zeze aliliongeza nyuzi. Ilimba aliifanya kubwa, yenye vyuma vingi kuliko ile ya zamani. Hakutupa sauti ya Kigogo. Aliipanua, kama mtu anavyoongeza chumba katika nyumba ya baba yake.

Mwaka 2002 ilitoka sahani yake iitwayo Assembly. Aliipiga pamoja na Michael Brook, mwanamuziki wa Kanada, aliyetumia gitaa na vyombo vya umeme. Mzee Zawose alifariki mwaka 2003.

Je, kazi ilikufa? Haikufa. Kwa muda mrefu wanawake wa ukoo huo waliitikia tu nyuma ya wanaume. Kisha Pendo, binti yake, na Leah, mjukuu wake, wakasimama mbele. Mwaka 2024 walitoa sahani yao iitwayo Maisha. Humo mna sauti za Kigogo, na mna vyombo vya umeme. Jambo jipya hapo si vyombo tu. Jambo jipya ni mwanamke kuongoza wimbo.

RANGI YA BAISIKELI

Mfano mwingine ni wa picha. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa kusini, wilaya ya Tunduru. Alikuja Dar es Salaam kutafuta kazi za mikono. Hakusoma chuo cha uchoraji. Mwaka 1968 hivi alianza kuchora picha za wanyama, ndege na watu.

Alichora juu ya nini? Alichora juu ya vipande vya hadibodi, zile mbao nyembamba za kuwekea dari. Kwa rangi gani? Alitumia rangi ya kupaka baisikeli. Hakungoja vifaa vya wachoraji wa Ulaya. Alitumia vile vilivyouzwa dukani kwa bei aliyoiweza. Rangi ya baisikeli inang'aa, na picha zake ziling'aa.

Tingatinga alifariki mwaka 1972. Alichora kwa miaka minne tu au karibu na hapo. Lakini alikuwa amewafundisha ndugu zake na vijana wengine. Hao waliendelea, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika cha wachoraji. Leo jina lake limekuwa jina la aina ya uchoraji. Angalikuwa mchoyo wa kufundisha, kazi hiyo ingalizikwa pamoja naye.

VITA VYA VINA NA MIZANI

Sasa tutazame maandishi. Wewe umejifunza kusoma, kwa hiyo jambo hili linakuhusu sana.

Wengi waliokuwa watu wazima au wanafunzi miaka ya 1970 wanazikumbuka ngonjera. Watu wawili husimama. Mmoja anauliza au anabisha. Wa pili anajibu. Mwisho wanakubaliana. Mtu anayehesabiwa kuwa mwanzilishi wa ngonjera hizo ni Mathias Mnyampala wa Dodoma. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, alitaka wananchi waelewe siasa kwa mashairi ya kusemezana. Alifariki mwaka 1969, lakini ngonjera zilienea shuleni, vijijini na katika sherehe. Watu wengi leo hudhani ni jambo la kale sana. Kumbe ni jaribio la mtu mmoja, lililopokelewa na wengi.

Ngonjera zilifuata sheria za ushairi, yaani vina na mizani. Mizani ni hesabu ya silabi. Vina ni silabi zinazofanana. Soma mistari hii miwili:

Mkulima wa Kibaha, shamba lako ulilinde,
Uache yako karaha, asubuhi ujipinde.

Hesabu kwa vidole: M-ku-li-ma-wa-Ki-ba-ha. Ni silabi nane. Kila kipande kina silabi nane. Vina vya kati ni "ha", na vina vya mwisho ni "nde". Sheikh Kaluta Amri Abedi aliziandika sheria hizo katika kitabu chake cha mwaka 1954.

Mwaka 1974 alitokea Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe. Alitoa kitabu cha mashairi kiitwacho Kichomi. Mashairi yake hayakufungwa na vina wala mizani. Ukawa ugomvi mkubwa! Washairi wengi walisema hayo si mashairi hata kidogo. Walisema shairi bila vina ni kama mwili bila mifupa. Wengine walimtetea. Walisema shairi ni wazo na hisia, na vina ni nguo tu. Mabishano hayo yaliendelea kwa miaka mingi.

Sasa soma mistari hii:

Nimelima.
Nyani wamekula.
Nitalima tena.

Vina hakuna. Mizani hailingani. Lakini mkulima wa Kisarawe akisikia mistari hiyo mitatu, atanyamaza kidogo. Anajua uchungu wake. Je, ni shairi, au si shairi? Amua wewe.

Kezilahabi alifariki mwaka 2020. Leo wanafunzi wa sekondari husoma mashairi ya aina zote mbili. Mashairi ya vina hayakufa kwa sababu ya Kezilahabi. Bado yanatungwa. Nyumba ya ushairi imepata mlango wa pili. Mlango wa kwanza haukuzibwa.

KINANDA KIDOGO CHENYE KELELE KUBWA

Mfano wa mwisho ndio unaoleta ugomvi zaidi. Ni mnanda, ambao pia huitwa mchiriku. Ulianzia katika mitaa ya Dar es Salaam, na mizizi yake ni ngoma za Kizaramo. Vijana hawakuwa na fedha za kununua magitaa. Walichukua kinanda kidogo cha Casio. Wakakiunganisha na vipaza sauti vikuukuu. Wakapiga ngoma kwa mwendo wa haraka, wakaimba juu ya umaskini, mapenzi na shida za mtaani. Kikundi cha Jagwa Music cha Mwananyamala kilifika hadi Ulaya kwa muziki huo.

Baadaye ikaja singeli. Hii hutengenezwa kwa kompyuta, na mwendo wake ni wa mbio sana. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika. Singeli hupiga mara 200 na zaidi! Mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa sahani ya Sounds of Sisso, na watu wa nchi za mbali wakaisikia.

Wazee wengi hawaipendi. Wana sababu. Nyimbo nyingine zina matusi. Nyingine zinadharau wanawake. Kelele za usiku zinamnyima mgonjwa usingizi. Sababu hizo ni za kweli, na kijana anayetaka heshima azisikilize. Lakini tutenge mambo mawili. Matusi ni mabaya hata yakiimbwa kwa ngoma ya kale. Mwendo wa haraka si matusi. Tulaumu kosa, tusilaumu upya.

TUNAJIFUNZA NINI?

Ndugu msomaji, tazama mifano yetu tena. Mzee Zawose alilijua zeze la zamani kabla ya kuongeza nyuzi. Mnyampala alizijua sheria za mashairi kabla ya kuanzisha ngonjera. Vijana wa mnanda walizaliwa katika ngoma. Anayejaribu vizuri huanza kwa kujua. Asiyejua cha zamani hana cha kubadilisha.

Basi, ikiwa kijijini kwenu kuna watu wanaotaka kuanzisha kikundi cha sanaa, wafanye hivi:

Kwanza, waende kwa wazee. Waombe kufundishwa ngoma, uchongaji au nyimbo kama zilivyo. Mambo mengine ni ya siri, kama yale ya unyago. Hayo wasiyatoe hadharani bila ruhusa ya wenyewe.

Pili, watumie vitu walivyonavyo. Mti, debe, udongo, kitambaa kikuukuu, hata simu ya mkononi ya kunasia sauti. Wasingoje mfadhili.

Tatu, wakishajaribu, waonyeshe watu. Kisha waulize, "Mmeelewa nini? Nini kimewaudhi?" Wasikasirike wakijibiwa.

Nne, waandike. Hili ndilo kubwa. Nunueni daftari moja. Andikeni wimbo wote, jina la aliyeutunga, jina la mzee aliyeufundisha, kijiji na tarehe. Kumbukeni wale wachongaji wa Uzaramo. Kazi zao zimevuka bahari, majina yao hayakuvuka.

Tano, wapatane juu ya fedha kabla fedha haijaja. Nani atapata kiasi gani? Waandike na watie sahihi. Tanzania ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, na ofisi inayohusika ni COSOTA. Mtunzi anaweza kuisajili kazi yake huko. Mtu akija kunasa nyimbo zenu, msikubali kabla ya kusoma karatasi yake. Ninyi sasa mnajua kusoma. Someni mpaka mstari wa mwisho.

Zamani tulisema mzee akifa bila kufundisha, amezikwa na hazina. Leo tuna kalamu. Mzee aimbe, kijana aandike, kisha kijana ajaribu chake. Hapo hakuna atakayepata hasara.

Haya, shime!

MASWALI YA KUJADILI

1. Taja ngoma au wimbo mmoja wa kijijini kwenu unaoweza kupotea. Nani anaujua vizuri?
2. Ngonjera zilikuwa jambo jipya, lakini leo watu hudhani ni za kale. Taja jambo jingine la namna hiyo.
3. Mistari mitatu ya mkulima na nyani ni shairi, au si shairi? Toa sababu.
4. Tunga mistari miwili yenye silabi nane nane kila kipande. Kisha tunga mitatu isiyo na vina. Ipi imesema ulichotaka?