Nyumba ya wengi, paa la nani?

MTAA KWA MTAA
Na Salma Khamis Othman

Masika yamekaribia, na ndani ya vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar maneno ya kila mwaka yameshaanza: nani atapanda juu kuziba bati? Wa ghorofa ya juu anasema yeye mpangaji tu, mwenye nyumba yupo. Wa kati anasema kwake hakuvuji. Wa chini anasema paa halimhusu, kwani baina yake na paa zipo familia mbili. Mwenye fungu kubwa la urithi yupo Maskati, na ujumbe aliopelekewa haujajibiwa. Mvua itawakuta wote hapo hapo walipo.

Tukiulizwa kwa nini nyumba zetu za mawe zinaporomoka, majibu tunayo mdomoni: ni kongwe mno, watu hawana pesa, hoteli zimetumeza. Kila moja lina ukweli wake. Lakini zipo nyumba kongwe kuliko hizo na zimesimama imara, na zipo zinazokaliwa na watu wenye kipato kizuri na zinamomonyoka. Kwa ninavyoona, kinachozitenganisha ni jambo moja. Katika nyumba ya familia nyingi, paa, ngazi, ukumbi na bomba la maji machafu vina mtu wa kuvisimamia au havina? Kama havina, nyumba hiyo imeshaanza kufa, hata kama kila chumba kimepakwa rangi mpya kwa ajili ya Idi.

Nyumba hizi hazikujengwa kwa maisha tunayoishi ndani yake leo. Tajiri wa karne ya 19 alijenga ghorofa mbili au tatu kwa ukoo mmoja: duka au ghala chini, familia juu, na ua katikati wa kuingiza hewa na mwanga. Mkuu wa nyumba alikuwa mmoja, na akisema chokaa ipakwe, ilipakwa. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za waliohama zilichukuliwa na Serikali, na familia zikaingizwa chumba kwa chumba. Baadhi yake ziliuzwa miaka ya baadaye. Nyingine ni za wakfu, nazo zina wapangaji wake. Nyingine zimebaki kwa watu binafsi, lakini kizazi baada ya kizazi zimegawika kwa mirathi. Leo nyumba moja ya Kiponda au Malindi inaweza kuwa na mpangaji wa tangu zamani anayelipa kodi ndogo, mrithi anayekaa katika fungu lake, duka la vinyago chini, na chumba kinachokodishwa kwa wageni usiku mmoja mmoja. Wote hao wameegemea ukuta mmoja.

Na ukuta wenyewe una masharti yake. Umejengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, unene wake nusu mita na zaidi. Sakafu zimebebwa na boriti za mikoko, na ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba: upana wa chumba unafuata urefu wa boriti, na boriti haizidi sana mita tatu. Vichwa vya boriti vimezikwa ndani ya ukuta. Mapaa ya awali yalikuwa bapa, ya chokaa. Mengi baadaye yakafunikwa kwa mabati. Bati likitoboka, maji huingia kwa juu, huteremka ndani ya ukuta, huufumua udongo ulioshika mawe, kisha hufika kwenye kichwa cha boriti. Hapo boriti huoza pasipo mtu kuona. Mwenye chumba anaona doa la unyevu tu. Anamwita fundi, na fundi anapiga plasta ya saruji. Saruji haipitishi unyevu kama chokaa. Maji hufungiwa ndani, chumvi husukuma kutoka nyuma, na baada ya misimu michache plasta huanguka na mawe yaliyo nyuma yake yamelainika.

Kwa hiyo katika nyumba ya namna hii hakuna tatizo la mtu mmoja. Tundu la bati la mwaka huu ni sakafu iliyobonyea ya jirani wa chini mwaka wa tano.

Hivi karibuni niliingia nyumba moja ya ghorofa mbili upande wa Kiponda. Bibi mmoja anayekaa ghorofa ya kwanza alivuta kabati lake la nguo, akanionesha pale boriti inapoingia ukutani. "Hebu tia kidole, mwanangu," akaniambia. Nikatia. Kidole kilizama hadi pingili ya kwanza, na kilipotoka kilikuwa na unga wa kahawia uliolowa. Juu ya vichwa vyetu, kwa jirani yake, lilikuwapo tangi la maji la lita 1,000 limekaa juu ya boriti zile zile. Tangi hilo likijaa, maji peke yake yana uzito wa tani moja. Jirani hakukusudia ubaya. Maji ya bomba huja kwa zamu na ana watoto wa kuogesha. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba kinachobeba tangi lake kimeoza. Yule bibi naye hana pa kulipeleka jambo hilo ila kwa jirani mwenyewe, na jawabu alilopewa ni kwamba huko juu sakafu ni nzima.

Nilipokuwa nashuka niliitazama ngazi. Kila familia imevuta waya wake wa umeme kutoka kwenye mita zilizopangwa mlangoni, na nyaya zimepanda ukutani zimesokotana, nyingine zikipita pale pale ukuta unapochuruzika maji. Kila waya una mwenyewe. Ukuta hauna.

Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka wakati likikarabatiwa, na watu wawili wakafariki. Nchi nzima ilishtuka. Jumba lile linajulikana duniani kote, na lilikuwa tayari mikononi mwa mafundi, na bado halikunusurika. Basi tuifikirie nyumba ya familia sita kichochoroni ambayo haina hata ukurasa mmoja unaosema paa lake lilitazamwa lini.

Sheria si kwamba hatuna. Zanzibar ilitunga Sheria ya Kondominiamu mwaka 2010. Bara ilitangulia mwaka 2008 kwa sheria yake ya hati za sehemu za majengo, na Kenya iliiandika upya ya kwake mwaka 2020. Msingi wa sheria za namna hii ni mmoja: unamiliki sehemu yako, na papo hapo unamiliki kwa ubia na wenzako paa, ngazi, kuta za nje na ardhi iliyo chini, na umoja wa wamiliki ndio unaosimamia vya pamoja na kukusanya michango. Lakini tumeizoea sheria hii kama mlango wa kuuzia fleti mpya, na kwenye fleti hizo mnunuzi haoni ajabu kuambiwa kuna ada ya matengenezo. Kwenye nyumba kongwe, ambako haja ni kubwa zaidi, neno mchango bado linasikika kama dhuluma.

Tusidhani ugumu huu ni wetu peke yetu. Mji Mkongwe na Mji Mpya wa Edinburgh, Uskochi, viliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1995, miaka mitano kabla ya Mji Mkongwe wetu. Watu wengi huko wanakaa katika majengo ya mawe ya ghorofa kadhaa, familia nyingi zikipanda ngazi moja. Sheria yao ya zamani, pale hati zilipokuwa kimya, ilimwachia paa mwenye ghorofa ya juu, na ugomvi ulikuwa huu huu wa kwetu. Mwaka 2004 wakatunga sheria nyingine: pale hati zisiposema vinginevyo, kulitunza paa ni wajibu wa wote, wa chini na wa juu, walio wengi wakikubaliana kutengeneza, wachache hawawezi kuzuia, na gharama inagawanywa sawasawa, au kwa ukubwa wa eneo pale sehemu zinapotofautiana sana. Asiyetoa fungu lake, halmashauri inaweza kumlipia ili kazi isikwame, kisha ikamdai yeye. Mvua yao ni chache kuliko yetu na mawe yao si matumbawe, lakini maamuzi hayo manne yangefaa Hurumzi na Mkunazini kama yanavyofaa kwao.

Kwetu jambo zito zaidi ni mirathi. Marehemu ameacha mke na watoto: mke anapata thumuni, na kinachobaki ni cha watoto, wa kiume mafungu mawili kwa moja la wa kike. Nao wakiondoka, mafungu yanagawika tena. Katika kizazi cha tatu nyumba moja ina warithi wa kujaza ukumbi, walio Unguja, Pemba, Dar es Salaam, Maskati, Dubai na London. Kila mmoja anajua haki yake hadi sehemu ya mwisho, na ni haki yake kweli. Tulichoshindwa ni kuugawa wajibu kwa mizani ile ile. Aliyerithi thumuni ya nyumba amerithi thumuni ya paa. Kodi ikija anaihesabu. Bati likitoboka naye alihesabu.

Naijua hoja ya kwanza itakayoletwa: wapangaji wengi ni wanyonge, mkiwatoza mtawahamisha. Ni hoja ya kweli na naichukulia kwa uzito. Ndiyo maana nasema mpangaji asitozwe paa. Paa ni la mwenye mali, awe mtu binafsi, warithi, wakfu au Serikali. Mpangaji achangie usafi wa ngazi na taa ya ukumbini, na apewe sauti. Sauti hiyo si hisani. Anayejua pa kuvuja ni yule anayetega ndoo usiku, na mara nyingi ni mwanamke, naye kwa kawaida hayupo wanaume wa ukoo wanapokaa kuamua nyumba ifanywe nini. Kama kodi ni ndogo mno kubeba matengenezo na lazima iongezwe, iongezwe kidogo kidogo, na nyongeza iandikwe kuwa ni ya paa, iende kwenye paa.

Hoja ya pili ni kuuza kwa mwekezaji afanye hoteli, nyumba ipone. Zipo hoteli zilizokarabati kwa uangalifu mkubwa, na sitawanyima haki yao. Lakini tukiokoa kila nyumba kwa njia hiyo tutabaki na kuta nzuri zisizo na jirani. Mji Mkongwe ni mji kwa sababu watoto wanatoka humo asubuhi kwenda chuoni na skuli, na maiti akitoka humo wapo wa kulibeba jeneza. Nataka wakaazi wabaki, na ili wabaki lazima nyumba zao zisiwaangukie.

Basi lifanyike nini? Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tuanzie hapo. Kila nyumba ya Mji Mkongwe inayokaliwa na zaidi ya familia moja iwe na kamati yake na daftari lake, na nakala iwekwe kwa sheha. Ndani yake yaandikwe majina ya wenye mafungu na ya wakaazi, hali ya paa na ya vichwa vya boriti, mahali matangi yalipo, na pesa zilizoingia na kutoka.

Pili, asipewe mtu hati ya sehemu ya nyumba kongwe kabla paa na mabomba hayajakaguliwa, na kabla mfuko wa matengenezo haujafunguliwa na kutiwa kitu. Kuuza ghorofa ya kati ya nyumba inayovuja ni kumuuzia mtu deni asilolijua.

Tatu, Mamlaka ya Mji Mkongwe, iliyopo tangu 1985, iwe na fundi wa chokaa anayeweza kuitwa na kamati kabla fundi wa saruji hajaitwa, na kibali cha kuziba paa kitoke haraka kuliko kibali cha kujenga choo kipya ghorofani. Nne, uwekwe mfuko wa kumlipia asiyepatikana au asiyetaka kutoa, na deni hilo liandikwe kwenye fungu lake, lilipwe siku atakapokodisha au kuuza. Mrithi wa mbali asiwe sababu ya wa karibu kulala chini ya ufa.

Serikali na wakfu, wakiwa wamiliki wakubwa, wawe wa mwanzo kulipa mafungu yao ili mtu binafsi asipate pa kujificha. Na sisi wakaazi tusingoje waraka. Kabla mvua hazijakolea, tukutane kila nyumba baada ya sala ya Isha, wa juu, wa kati na wa chini, tulifungue daftari, na anayekataa kuchangia aandikwe kwamba amekataa. Kisha tuwatake Wawakilishi wetu waliweke hili katika sheria kwa maneno yasiyopindika: mwenye nyumba ambaye paa lake linavuja juu ya kichwa cha mpangaji asiwe na haki ya kudai kodi ya mwezi huo mpaka bati litengenezwe.