Ilani ya Wanaojilaza

Sisi wakazi wa Same mjini, Hedaru, Gonja, Suji na Chome, pamoja na wenzetu wa Usangi upande wa Mwanga, wenye ajira na wasio nayo, tunatangaza kwamba kuanzia sasa kila mmoja wetu ana asubuhi moja katika wiki ambayo hatoki kitandani. Hatutakuwa tumelala. Tutakuwa macho, tumejifunika, tunasikiliza upepo wa Same ukipiga mabati, na hatutampa mtu maelezo. Jina la harakati hii halijapatikana. Kila aliyepewa kazi ya kulitafuta ametuma ujumbe kwamba bado yuko kitandani.

Tunajua tutaambiwa tumeiga. Ni kweli, vijana wa China walipochoka kazi za kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 3 usiku, siku 6 kwa wiki, walitangaza mwaka 2021 kwamba wanalala chali, na mitandao ikawafungia. Mwaka 2023 vijana wa Marekani wakajazana TikTok wakijionyesha wanavyogaagaa kitandani mchana kutwa, chipsi pembeni, wakisema wanaoza. Tunawasalimu wote. Ila huku Upare hatukuhitaji kufundishwa na TikTok.

Mwaka 1945, serikali ya Mwingereza ilipowabebesha Wapare kodi iliyopimwa kwa mali ya kila mtu, kodi ambayo watu waliiita mbiru, maelfu ya wanaume walishuka milimani wakaja hapa hapa Same, makao makuu ya wilaya, wakakaa. Walikaa tu, wiki baada ya wiki, wakikataa kurudi makwao mpaka wasikilizwe. Kina mama nao wakaandamana kuwaunga mkono. Profesa Isaria Kimambo, Mpare mwenzetu, aliuandikia mgomo huo kitabu mwaka 1971. Kodi yenyewe ilifutwa kabla ya muongo ule kwisha. Kwa hiyo anayedai kwamba mtu asiyeinuka alipo hafanyi lolote, na awaulize wazee.

Wala mapumziko hayakuletwa na simu. Wasabato walifika Upare mwaka 1903, na hapo ndipo kanisa lao lilipoanzia katika nchi hii. Hadi leo ukipita Suji Jumamosi asubuhi unakuta majembe yameegemezwa ukutani na wenyewe wamevaa suti. Angalia jikoni kwao Ijumaa: mahindi yamekobolewa mapema, maharage yamechambuliwa, chungu cha makande kiko kwenye mafiga tangu mchana, kuni zinasogezwa moja moja ili moto usizidi, na jua linapozama chakula cha kesho kimeshaiva. Hiyo ndiyo sehemu tunayoikopa. Ibada ni ya kwao, na sisi tuna Waislamu na Walutheri ambao watachagua siku nyingine, lakini somo la chungu ni la wote: asiyepika jana hawezi kujilaza leo, au atajilaza mwenyewe na kumwamsha mwingine apike.

Hapo ndipo penye ugomvi wetu mkubwa, na hatutauficha. Tumekua tukiimbiwa kazi. Uhuru na Kazi, tukaambiwa. Mwaka 1983 ikaja Sheria ya Nguvu Kazi, na mijini vijana wasio na kitambulisho cha ajira wakasombwa wakalime. Mwaka 2015 ikawa Hapa Kazi Tu. Katikati ya nyimbo hizo, Azimio la Arusha lenyewe, mwaka 1967, lilikiri kwamba kina mama wa vijijini wakati mwingine hufanya kazi saa 12 au 14 kwa siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, na kwamba wanaume wa vijijini wako likizo nusu ya maisha yao. Likizo ilikuwepo siku zote, basi. Ilikuwa imegawiwa vibaya.

Kijana anayegaagaa mpaka saa 6 mchana huku mama yake ameshashusha gunia la tangawizi kutoka Mamba, ameteka maji, amerudi na sasa anafua shuka alizolalia yeye, huyo si mwenzetu. Asijiandikishe. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, walisema watu wa pwani. Huyu anakula wali wenye mchuzi na upwa hajauona.

Tunataka kitanda kigawiwe kama maji ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia mashamba. Mababu zetu walichimba ndiva kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja, kila kaya ikitoa mtu. Lango linafungwa jioni, maji ya kijito yanajikusanya usiku kucha, asubuhi lango linafunguliwa na maji yanakwenda kwa zamu, shamba la huyu leo, la yule kesho, na hakuna anayechukua zamu mbili kwa kuwa tu ameamka na nguvu. Zamu ya kwanza ya kitanda ni ya mama. Ya pili ni ya dada wa kazi, kama yupo. Baba na vijana wa kiume wapange foleni nyuma yao. Sifa yetu inajulikana nchi nzima, kwamba Mpare atauza ng'ombe aendeshe kesi ya kuku, hivyo anayefikiria kuruka zamu aanze kutafuta wakili.

Kwa walioajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeweka saa 45 za kazi kwa wiki, mapumziko ya saa 24 mfululizo na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Vizuri. Lakini nani anamhesabia saa mtoto anayeamia ndege kwenye mpunga wa Ndungu? Au mama wa stendi ya Same? Tangu mabasi ya usiku yaruhusiwe tena mwaka 2023, basi likifunga breki saa 8 usiku yeye anainuka kwenye benchi, anaweka beseni la mayai ya kuchemsha begani, anazunguka madirishani, anarudisha chenji gizani, basi linaondoka, anakaa tena. Halali na wala haamki. Ukimwambia ajilaze asubuhi nzima atakuuliza ada ya shule utalipa wewe?

Kwa ajili yake tunaufufua msaragambo. Asubuhi ya zamu yake, wawili kati yetu watashika beseni, watauza, na pesa yote itafikishwa kwake, kitandani, imehesabiwa. Tukishindwa hilo, ilani hii ifutwe.

Simu inabaki sebuleni kwenye chaji. Jambo hili lilileta kelele nyingi kikaoni kuliko yote, na wengine walitishia kujitoa. Lakini kitanda ambacho mdai wa mkopo wa kausha damu anaweza kukupigia ni ofisi yake, si kitanda chako. Tulikubaliana kuruhusu redio.

Na mtu ambaye kitanda kimemshika wiki nzima, chakula hakishuki, hataki kuona watu, huyo hatutamhesabu kuwa mwanachama hodari. Huyo anaumwa. Tutakaa naye, kisha tutampeleka hospitali.

Godoro la inchi 4 linakubalika, mkeka pia. Wa Chome, chini ya mlima Shengena, waje na mablanketi mawili. Wa Same mjini chandarua kinatosha. Orodha ya zamu itabandikwa Ijumaa jioni baada ya makande kuiva. Wenye malalamiko tutawapokea alasiri.