Usikaze toshenba kupita kiasi

Ndugu mwandishi, umeeleza vizuri, ila hapo uliposema kukaza toshenba (zile fimbo za springi za mbele) ni njia rahisi ya kuinua Hilux ya zamani, naomba niongeze. Yangu niliinua mbele inchi mbili na nusu. Ilipendeza, lakini baada ya miezi minne mipira ya CV joint ilipasuka yote miwili, grisi ikatapakaa hadi kwenye rimu, maana shafti zilikaa kwa pembe kali mno. Nilirudisha hadi inchi moja na nusu, na nyuma fundi akaniongezea jani moja la springi kila upande. Mnaouliza hapo juu kuhusu kuinua gari: kama bajeti ni ndogo, anzeni na shokapu za urefu unaofaa, na kagueni mipira ya breki isivutike magurudumu yanaponing'inia.