Fundi wa Burgao aonyeshwe mlango wa kazi

Vita vilipoisambaratisha Somalia mwaka 1991, Wabajuni wengi wa Burgao, Chula na Kismayo walikimbilia Lamu na Mombasa. Walikuja na lugha inayoeleweka pwani nzima na kazi mikononi: uvuvi na uundaji wa mashua. Vyeti hawakuwa navyo, na bila cheti fundi huishia kibarua.

Machi 2024 Somalia ikawa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, inahusu pia wafanyakazi, si bidhaa peke yake. Lakini itifaki haimwambii mgeni aanzie ofisi gani, aombe kibali gani. Kenya ina majaribio ya ufundi ya NITA, yanayompima hata fundi aliyejifunza kazi nje ya darasa. Nani amemweleza hayo mwunda mashua wa Burgao?

Serikali za kaunti za Lamu na Mombasa zifungue madawati ya ushauri wa kazi, yenye watu wanaojua Kibajuni. Mfanyabiashara asiseme hayo ni mambo ya wakimbizi. Chombo kikivuja, mzigo unaolowa ni wake, na fundi wa kukikalafati yuko mjini akibeba magunia.