Mahali pa Mgonjwa Nyumbani

Wako watu wasiopenda kumtengenezea mgonjwa mahali kabla mtu hajaugua. Husema kwamba kufanya hivyo ni kuukaribisha ugonjwa mlangoni, na bibi mzee akiona beseni jipya limewekwa kando kwa ajili ya mgonjwa, huuliza ni nani anayeombewa mabaya. Neno hili halina uzito. Nahodha achukuaye tanga la akiba chomboni hatafuti tufani, wala mkulima ajengaye ghala haombi njaa. Ugonjwa huja kwa maji machafu, kwa mbu, kwa pumzi ya mwenye kifua, kwa moto wa jikoni usiolindwa. Tena mara nyingi huja usiku, wakati maduka yamefungwa na zahanati iko mbali.

Wengine hujibu ya kuwa shauri hili ni la matajiri, wenye nyumba za vyumba 6. Lakini kinachotakiwa si chumba chenye mlango wake. Katika nyumba ya vyumba 2 walalamo watu 7, pembe moja yatosha, iliyo karibu na dirisha, ikatengwa kwa pazia la kanga zilizoshonwa pamoja. Jambo kubwa ni watu wa nyumbani wapatane mapema kwamba akiugua mtu atalala hapa, na waliokuwa wakilala hapa watahamia kule. Mapatano hayo hayagharimu hata senti moja. Yasipofanywa, mgonjwa huwekwa sebuleni katikati ya wageni, au hulazwa kitanda kimoja na wadogo zake, na kikohozi chake huwa chao.

Dirisha limetajwa kwa sababu. Iko desturi ya kumfungia mgonjwa mwenye homa, kuziba kila tundu na kumfunika mablanketi 2 hata ajapokuwa anawaka kama chungu jikoni. Wazazi hufanya hivyo kwa upendo, lakini wamekosea. Mwaka 1854 Florence Nightingale, bibi wa Kiingereza, alikwenda Scutari, karibu na Istanbul, kuwauguza askari wa vita vya Crimea. Waliokufa kwa maradhi walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa majeraha. Mwaka 1855 mifereji ya uchafu iliyokuwa chini ya hospitali ilisafishwa na hewa ikaachwa ipite, na vifo vikapungua sana. Katika kitabu chake cha uuguzi, kilichotoka mwaka 1859, jambo alilolitanguliza mbele ya yote ni hewa safi. Basi dirisha liwe wazi, na mbu wazuiwe kwa chandarua kilichochomekwa vizuri chini ya godoro. Mwenye homa avikwe nguo nyepesi. Wala jiko la makaa lisiingizwe chumbani usiku ili kuleta joto, maana makaa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, na watu wa nyumba nzima wamepata kulala wasiamke.

Baada ya mahali, sanduku. Hapa watu hukosea kwa njia nyingine: hufikiri kwamba sanduku la mgonjwa ni la dawa, nao huweka humo kila kidonge kilichosalia tangu mwaka juzi, vingine havina hata jina. Sanduku jema lina dawa chache na vitu safi vingi. Sabuni ndiyo ya kwanza. Kisha pamba, bandeji, vitambaa vilivyofuliwa na kupigwa pasi, mkasi, kipimajoto, mipira ya kuvaa mikononi, kikombe na kijiko visivyotumiwa na mwingine, taa na kibiriti. Kando yake ziwepo ndoo yenye kifuniko, beseni la kutapikia, na chombo cha maji ya kunywa yaliyochemshwa. Kwa upande wa dawa, vidonge vya parasetamoli vyatosha kwa homa na maumivu, mradi mtoto apewe kwa kadiri ya uzito wake kama ilivyoandikwa pakitini, si kwa kukisia. Dawa za kuua vijidudu, zile ambazo mganga huagiza zimalizwe zote, hazina haki ya kukaa sandukuni. Nusu ya dozi haiponyi, tena huwafundisha vijidudu kuzoea dawa. Dawa ya malaria nayo isubiri damu ipimwe, kwa kuwa si kila homa ni malaria. Mtoto aliyenyweshwa dawa hiyo bure huenda ana ugonjwa wa mapafu, na siku 3 zikapotea.

Kuna kitu kimoja kidogo ambacho hakuna nyumba ipaswayo kukikosa, nacho ni pakiti za chumvi ya kurudisha maji mwilini, ambazo dukani huitwa O.R.S. Mtoto anayehara hafi kwa kuhara kwenyewe. Hufa kwa sababu maji na chumvi vimemtoka upesi kuliko vinavyorudi. Mwaka 1971, vita vilipokuwa vikipiganwa katika nchi ambayo sasa ni Bangladesh, watu wengi sana walikimbilia India, na katika kambi ya Bangaon kipindupindu kiliwaangukia. Chupa za maji ya kutia mishipani zilikuwa zikiisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamuru chumvi na sukari zipimwe, zichanganywe na maji safi, na jamaa wa wagonjwa wenyewe wawanyweshe. Hapo kwanza, karibu watu 30 katika kila 100 waliougua walikuwa wakifa. Chini ya uuguzi huo hawakuzidi 4. Hao hawakuwa na vyumba vyao wenyewe. Walikuwa na ndoo, kikombe, na mtu wa kukaa karibu.

Pakiti zikikosekana, nyumba yoyote yaweza kutengeneza maji hayo: vijiko 6 vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa kwa kisu, na nusu kijiko cha chai cha chumvi, katika lita 1 ya maji safi. Vipimo hivi visichezewe, maana chumvi ikizidi humdhuru mtoto. Maji yakiwa na chumvi kupita machozi, yamwagwe. Anyweshwe kidogo kidogo, kwa kijiko. Akitapika, mwuguzi angoje dakika 10 kisha aanze tena polepole zaidi. Mtoto wa ziwa aendelee kunyonya. Maji yaliyobaki baada ya siku moja yatupwe, yafanywe mengine. Zahanati itaongeza vidonge vya zinki.

Ajali za jikoni hazihitaji maneno mengi, lakini zahitaji akili ya mapema. Aliyeungua atiwe maji ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha pafunikwe kitambaa safi. Mafuta ya kupikia, dawa ya meno, unga na majivu vyote ni adui wa kidonda. Na mafuta ya taa yasitiwe kamwe katika chupa ya soda, kwa kuwa mtoto hajui kusoma harufu. Aliyeyanywa asitapishwe wala asinyweshwe maziwa, kama wengi wafanyavyo, bali apelekwe hospitali mara moja pamoja na chupa yenyewe.

Hapo lafika jambo ambalo vitabu vingi vya uuguzi hulisahau. Kitu cha thamani kuliko vyote sandukuni ni bahasha yenye nauli. Mama anaweza kujua dalili zote za hatari: mtoto hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila alichopewa, amepata degedege, amelegea hata haamki. Anajua kwamba hazingoji asubuhi. Lakini saa 8 za usiku mwenye pikipiki hataki ahadi, na majirani wamelala. Basi shilingi za kwenda na kurudi zifungwe katika bahasha, pamoja na kadi ya kliniki na namba za simu za watu 2 wenye chombo cha kusafiria. Fedha hiyo isiguswe kwa sukari wala kwa ada ya shule. Ni vigumu, hasa mwezi unapokwisha; nyumba yaweza kuishinda bahasha hiyo kwa kuitia fedha kidogo kidogo kila siku ya soko, nayo hujaa baada ya majuma machache.

Adui mwingine wa sanduku ni kuazima. Mkasi hutoka kwenda kukata kitambaa cha sare, haurudi. Kibiriti huenda jikoni. Pamba huenda kusafishia masikio ya baba. Usiku wa haja ukifika, sanduku hufunguliwa likakutwa lina kipimajoto kisicho na betri na pakiti tupu. Kwa hiyo sanduku liwekwe juu, mahali ambapo watoto wadogo hawafiki, na liwe na mwangalizi mmoja anayejulikana.

Mwangalizi huyo yafaa awe mwanafunzi wa darasa la juu, maana anajua kusoma maandiko ya pakiti, anajua kupima lita, na hana kazi nyingi kama mama yake. Nyumba nyingi humpa msichana kazi hii bila kufikiri, kana kwamba mkono wa mvulana hauwezi kushika kijiko. Desturi hiyo ni mbaya. Katika hospitali za nchi hizi wauguzi wanaume ni wengi. Mvulana aliyekwisha kuosha beseni la mdogo wake na kukaa naye usiku kucha, akimpa maji kijiko kwa kijiko, hatasahau mafunzo yale hata akiwa baba wa watoto.

Kazi ya mwangalizi si kubwa. Siku ya kwanza ya kila likizo hushusha sanduku, akatandaza vitu vyote juu ya mkeka penye mwanga, akasoma tarehe iliyopigwa chapa katika kila pakiti. Zilizopita muda wake hupelekwa duka la dawa au zahanati. Hazitupwi jalalani wanapocheza watoto. Vitambaa hufuliwa upya hata kama havikutumika, kwa kuwa mende hawaheshimu sanduku la mgonjwa. Kipimajoto hujaribiwa kwapani mwa yeyote aliye karibu. Mwisho huhesabu fedha ya bahasha mbele ya wazazi, akaifunga tena, akaandika tarehe juu yake.