Wazee Waachwe Wapige ya Mwisho

Kuna neno tunalisikia sana hapa Mongbwalu, kwenye buvette na hata kwenye chumba cha walimu: eti mwanamuziki akizeeka akae kimya, asiharibu jina lake. Eti diski ya mwisho siku zote ni mbovu, sauti imekwisha, vidole vimekauka, mzee anatafuta tu franga za dawa. Neno hilo tunalikataa. Tunalikataa zaidi kwa sababu wanaolisema ni watu wanaojiita walinzi wa desturi, na desturi yetu inasema kinyume chake kabisa.

Kwetu mzee akiona siku zake zimekaribia, anaita watoto. Anasema nani anamdai, shamba linaishia kwenye mti gani, nani asigombane na nani. Sauti ni ndogo, anakohoa katikati ya maneno, na mara nyingine binti yake njo anarudia kwa nguvu ili walio mlangoni nao wasikie. Je, ndugu msomaji, umekwisha kuona mtu anatoka pale akisema wosia haukuwa mtamu, mzee aliongea vizuri zaidi mwaka uliopita? Mtu wa namna hiyo wangemfukuza matangani.

Sasa tuchukue diski inayosemwa vibaya sana na mabingwa wetu wa buvette, ile Franco Luambo aliyorekodi pamoja na Sam Mangwana mwaka 1989. OK Jazz ilizaliwa mwaka 1956, Kinshasa ingali inaitwa Léopoldville. Kwa zaidi ya miaka 30 orkestra ile ilichezesha inchi nzima, na Franco mwenyewe alijulikana kwa mwili mkubwa kama kwa gitaa lake. Mwaka ule 1989 watu walishtuka kumwona amekonda. Katika diski ile anaimba kidogo tu, kazi kubwa ya sauti anaibeba Mangwana. Basi wanasema: hiyo si diski ya Franco, ni ya Mangwana, Franco aliweka jina tu.

Kumbe hawaoni kwamba Mangwana pale ni yule binti anayerudia maneno ya baba! Na si mtu yeyote tu. Mwaka 1972 Mangwana aliacha Afrisa ya Tabu Ley na kuingia kwa Franco, na wapenzi wa muziki walipiga kelele sawa vile mtu amehama kabila. Baadaye aliondoka tena, akaenda kutafuta maisha yake Afrika ya Magharibi. Halafu mkubwa wake wa zamani anapoishiwa nguvu, yeye njo anasimama karibu naye mbele ya mikrofoni. Kwa sisi tunaofundisha vijana maana ya ukoo na ya kupatana, kitu hicho kina uzito kuliko solo ya gitaa iliyonyooka. Tarehe 12 Oktoba 1989 Franco alikufa Namur, Ubelgiji. Serikali ilitangaza siku 4 za maombolezo. Tunamwita mzee, lakini alikuwa na miaka 51 tu, umri ambao wengi wetu tunaoandika katika kijitabu hiki tunaukaribia.

Baada yake orkestra iliendelea muda kidogo, ikarekodi tena, kisha ikaja mabishano na familia, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikavunjika. Simaro Lutumba, aliyekuwa ndani tangu 1961, akaanzisha Bana OK pamoja na wenzake. Orkestra kubwa namna ile ikamalizika kwa maneno ya mali! Wanaocheka diski ya Franco na Mangwana wangetupatia nini badala yake? Mabishano yale?

Tena kuna mzee Wendo Kolosoy. Alizaliwa mwaka 1925, akapata sifa na "Marie-Louise" mwaka 1948, kisha akasahauliwa miaka mingi kabisa. Aliporudi studio miaka ya 1990 alikuwa karibu na miaka 70. Sauti imekwaruza, ndiyo. Lakini ni kwa sauti ile iliyokwaruza vijana wengi walijua namna rumba ilivyoimbwa kabla ya uhuru. Wendo alikufa mwaka 2008. Mwaka 2021 UNESCO ikaandika rumba ya Kongo zote mbili kati ya urithi wa dunia, na hotuba zikawa nyingi. Hotuba ni bei rahisi.

Wazungu nao, ambao mabingwa wetu wanapenda kuwatolea mfano, walifanya nini? Beatles walivunjika mwaka 1970. John Lennon aliuawa mwaka 1980, lakini aliacha kasete aliyojirekodi nyumbani, yeye na piano yake, sauti chafu kabisa. Mwaka 1995 wenzake walijaribu kuitengeneza, wakaiacha kwa sababu ya ule uchafu. Hawakuitupa. Mwaka 2023 mashine mpya iliweza kutenganisha sauti na piano, na wimbo ukatoka, "Now and Then", wenyewe wakauita wa mwisho. Gitaa la George Harrison, aliyekufa mwaka 2001, limo pia, kwa sababu lile jaribio la 1995 nalo lilikuwa limetunzwa.

Kasete chafu! Hapa kwetu kasete za namna hiyo zilikuwa ngapi? Wazee waliopiga gitaa kwenye kambi za wafanyakazi wa Kilo-Moto, wakiimba kwa Swahili, kwa Lingala na kwa Kilendu katika jioni moja, hawakuitwa Kinshasa na hakuna aliyewapeleka studio. Kidogo walichojirekodi kilikaa chini ya vitanda. Vita vya 2002 na 2003 vilipita nyumba kwa nyumba, vikachukua radio pamoja na kasete zilizokuwa ndani yake. Zilizobaki zinaliwa na unyevu, na watoto wanavuta ule utepe wa ndani kuchezea. Halafu mtu mzima anasimama kutuambia wazee wanyamaze!

Simu ya kurekodi iko mfukoni mwa kila mchimbaji anayeshuka karieri. Waya za gitaa zinapatikana Bunia. Sisi tunaomba shirika letu, kabla ya kununua tena vitenge vya sikukuu, lilipe siku mbili za kumkalisha kila mpiga gitaa aliyepita miaka 65 kwenye chumba kisicho na kelele, na wenzake waliobaki pembeni, apige anachotaka, hata kama anasimama katikati kukohoa. Kikohozi kisikatwe. Na kijana mmoja aandike kwenye karatasi jina la wimbo, la aliyeutunga na la kambi ulikochezewa mara ya kwanza, kabla mzee hajarudi nyumbani.